Hatua Mia Nne

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaisema kabla hujafungua bahasha. Sisi hapa hatujambo wote wawili. Goti langu la kushoto hulalamika asubuhi, ikifika saa nne limeshasahau lilikuwa linalalamikia nini. Kisoda mzima. Anakula, anakua, jino la mbele liling'oka Jumatano na sasa anapiga mluzi kupitia pengo mpaka jirani ameuliza kama tumeanza kufuga ndege. Vipi wewe? Kifua kilichokuwa kinakubana kwa ule mvuke wa chumba cha kufulia kimepona? Mashuka ya hospitali nzima si mchezo. Kunywa maji.

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Karatasi haimkatizi mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu uniachie mwanao uende kwenye mkataba wako, kila Jumamosi tunapanda kile kilima cha nyuma ya tangi la maji. Mara ya kwanza alipumzika mara tisa. Jumamosi iliyopita alipumzika mara mbili tu, na moja ni kwa sababu jongoo alikuwa anavuka njia na Kisoda alitaka apite kwanza. Kilima kimemwishia. Ana miaka sita na tayari kimekuwa kama gauni lililomfupia. Akifika juu hatazami mji tena, anageuka upande wa pili anatazama mlima wa mawe. Juzi akaniuliza, "Bibi, ule unapandwa na nani?" Nikamwambia unapandwa na watu. Akasema, "Mimi ni mtu."

Ningemjibu nini? Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye upimaji wa ardhi, nikivuta mnyororo na kushika fimbo ya kupimia juu ya kila kilima unachokijua. Nimwambie mjukuu wangu kwamba yeye si mtu?

Naomba ruhusa nimpeleke. Si kesho wala keshokutwa. Huku chini njia ni ya kawaida, miti na majani. Ni sehemu ya juu tu ndiyo mawe matupu, na pale mtu hutumia mikono. Nitakuwa naye bega kwa bega, au niseme bega kwa kiuno, maana hajafika begani. Najua nina miaka sitini na sita. Mlima haujui kusoma kitambulisho.

Mke mwenzangu, huyu mjukuu mwenye pengo, anakusalimu. Ndiyo, bado namwita hivyo, na bado anadai marehemu baba yako angempenda yeye zaidi.

Ni mimi,
Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante. Wamefungua madirisha mawili ya juu na sasa mvuke unapata pa kwenda. Siku hizi nimewekwa kwenye kukunja. Shuka linatoka kwenye mashine ya pasi likiwa la moto, mimi nashika pembe mbili na mwenzangu mbili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Mpaka jioni nimekutana naye mara mia tano na hatuna tena la kuambiana. Barua yako niliisoma tukiwa tunasubiri shehena ya mchana.

Jibu ni hapana.

Kilima cha tangi sawa. Mlima wa mawe hapana, na unajua kwa nini, ila unajifanya umesahau, kwa hiyo nitakukumbusha kwa maandishi ili ubaki na ushahidi.

Nilikuwa na miaka saba. Ulisema tunafika pale kwenye mti mkavu, tukaupita mti mkavu. Ukasema ni pale kwenye jiwe jeupe, tukalipita jiwe jeupe. "Tumeshafika, bado hapo tu." Nilizihesabu hizo "tumeshafika" zako, zilikuwa kumi na moja. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako, Mama, ilikuwa ndefu kuliko njia zote nilizowahi kutembea. Tulipofika kwenye ule ufa, mguu mmoja juu na mmoja chini, siwezi kwenda wala kurudi, wewe uko juu kabisa unaniambia njoo, tumeshafika. Nikajikojolea. Ukanishusha mgongoni.

Hilo ningelisahau. Sijasahau kwamba jioni ileile uliwasimulia wageni sebuleni wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, na mimi niko nyuma ya pazia. Ukaendelea kusimulia miaka nenda miaka rudi. Umesimulia mpaka kwenye harusi yangu, ukiwa na kipaza sauti mkononi.

Mpaka leo sipandi ngazi za hospitali bila kuuliza kwanza ziko ngapi. Sitaki Kisoda awe hivyo.

Mnunulie mpira, acheze uwanjani.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Mpira nimenunua. Umekaa siku mbili, umepasuka juu ya bati la jirani. Sisi wazima, na wewe naomba uwe mzima.

Barua yako niliisoma, nikaiweka kando, nikamenya viazi vya wiki nzima. Halafu nikaisoma tena. Sasa nina viazi vingi na sina la kujitetea isipokuwa hili: nilikuwa nakutia moyo. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Ukienda kisimani unaambiwa ni hapo tu, ukienda sindano unaambiwa haiumi. Sikujua kwamba kuna mtu anahesabu.

Lakini nisikilize, usinizibe mdomo. Jumanne nilimkosa Kisoda ndani ya nyumba. Nikamtafuta uvunguni, jikoni, uani. Nikasikia mluzi. Yuko juu ya kabati la nguo, kichwa kinagusa dari, amevaa kofia yangu ya kazi. Alipita kitandani, akapita kwenye kidirisha, akajivuta kwa mkono mmoja. Nilipomuuliza unafanya nini huko, akasema anajizoeza. Mwanangu, ukimkataza mlima atapanda kabati, na kabati halina mtu wa kumfunza. Mwenye kupanda atapanda. Hiyo hakuitoa kwa baba yake peke yake.

Kwa hiyo nimefanya ninachokijua. Jumapili nimekwenda kuupima. Nilimwachia jirani mtoto, nikaenda na Fundi Bati. Utamkumbuka, yule anayeezeka mapaa, ambaye husema akiwa chini ndipo anapopata kizunguzungu. Tumetazama kila jiwe. Njia imebadilika kidogo tangu enzi zako, mawe mawili yameporomoka na sasa kuna sehemu pana ya kupumzikia chini ya ufa. Fundi amekubali kuja na kamba yake ya paani na kumfunga Kisoda kiunoni wakati wote wa mawe. Tutaondoka alfajiri, na saa sita mchana ikitukuta popote pale tunageuka, hata kama kilele kiko puani. Wingu likikaa vibaya hatutoki nyumbani.

Na nimehesabu. Kutoka jiwe bapa, pale mawe yanapoanzia, mpaka kileleni ni hatua mia nne kamili. Unajua hatua zangu. Bwana mkubwa wangu wa kwanza kazini alinitembeza uwanjani wiki tatu mpaka kila hatua ikawa sawa na mwenzake. Mia nne. Hakuna "hapo tu".

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hapa nipo, mgongo tu. Wameleta mablanketi ya wodi ya watoto, madogo, yana picha za sungura, na nimekuwa nikiyakunja nikimfikiria huyo wa juu ya kabati.

Nilitaka kuendelea kusema hapana. Mwenzangu wa kukunja ndiye aliyeniharibia. Nilimsimulia, akasema, "Kwani unamwogopea mtoto au unajiogopea wewe?" Tulikunja mashuka arobaini bila kusemeshana. Siku ya pili nikamwambia nadhani ni mimi.

Basi nenda naye. Masharti yangu ni matatu, na uyabandike ukutani.

Hutamdanganya umbali. Akiuliza bado kiasi gani, mwambie kiasi gani, hata kama jibu ni baya.

Akisema anataka kurudi, mnarudi. Papo hapo. Hakuna kumbembeleza, hakuna biskuti ya kumsogezea mbele kama punda.

La tatu ndilo kubwa. Lolote litakalotokea huko juu, akilia, akiogopa, akijikojolea, hutalisimulia kwa mtu ili acheke. Kwangu uniambie yote.

Naogopa, Mama. Sikufichi. Kwangu hii si safari ya mlima. Nataka kujua kama naweza kukuamini na mwanangu. Ukivunja hata moja, nitamchukua nikae naye huku, hata kama chumba changu ni cha kitanda kimoja na dirisha linatazama majenereta.

Viatu vyake viwe na soli yenye meno. Umwekee sweta la pili.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Mtoto ni mzima. Naanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta. Hana hata mkwaruzo. Amelala hapa karibu yangu mchana huu, mdomo wazi, pengo lote nje.

Umesema nikuambie yote.

Tuliondoka jana saa kumi na moja na nusu alfajiri. Viatu vya meno, sweta mbili, filimbi shingoni. Njia ya miti aliimaliza akizungumza. Alimuuliza Fundi Bati maswali sitini, na nusu yake yalikuwa kama anga lina bati. Saa mbili na nusu tuko kwenye jiwe bapa. Tukala, tukanywa maji, Fundi akamfunga kamba kiunoni na ncha nyingine akajifunga yeye. Nikamfundisha sheria ya mawe: una viungo vinne, vitatu vishike mlima, kimoja ndicho kitafute pa kwenda. Akanirudishia vizuri kuliko nilivyomwambia.

Halafu akauliza, "Bibi, ni ngapi?"

Nikamjibu kwa majivuno, Mungu anisamehe. "Mia nne. Si mia nne na moja. Mia nne." Nikamfundisha hesabu yetu ya kazini: kila mia ikitimia, okota kijiwe utie mfukoni, usije ukasahau.

Ungemwona. Alihesabu kwa sauti, mwamba ukawa unamrudishia. Kijiwe cha kwanza hana wasiwasi. Cha pili alipumzika. Cha tatu njia ilikuwa kali, anashika kwa vidole na kunyanyua mguu mpaka karibu na sikio, na hakusimama hata mara moja kwa sababu alijua imebaki mia moja. Nami niko nyuma yake nimefurahi, sioni hatari inayokuja. Akafika mia tatu na tisini, tisini na tano, tisini na tisa. Mia nne. Akatia kijiwe cha nne mfukoni, akakaa chini pale kwenye ile sehemu pana chini ya ufa, akavuta pumzi, akasema, "Tumefika."

Akatazama huku na huku. "Bibi, kilele kiko wapi?"

Nikainua macho. Kilele kilikuwa juu kule, nusu nzima ya mawe imebaki. Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilipima mlima kwa miguu yangu, nikampa hesabu mtoto ambaye miguu yake miwili ndiyo mguu wangu mmoja. Miaka thelathini na moja kazini. Kule mtu akipima kwa kipimo kimoja na kuandika kwa kingine, anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo, na mimi nimewahi kuwarudisha wawili.

Akasema, "Bibi, umenidanganya."

Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Fundi Bati akaninong'oneza, "Mwambie bado kidogo, sisi huko paani tunaambiana hivyo kila siku." Na nikuambie ukweli, ulimi wangu ulikuwa umeshajipanga. "Tumesha" ilikuwa mdomoni. Nikaimeza.

Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia, "Sikukudanganya kwa kusudi, lakini nimekuambia uongo. Mia nne ni hatua zangu. Kwa hatua zako ni kama mia nane. Umemaliza nusu. Nusu nyingine bado, na ni ngumu kuliko hii. Kosa ni langu. Unataka kwenda au kurudi?"

Akafikiri. Anga lilikuwa safi, saa nne kasoro, goti langu limenyamaza kabisa. Sitakuficha, niliomba moyoni aseme kwenda. Juu kule kuna nguzo ya upimaji ambayo saruji yake niliikoroga mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na minane, na sijui nina miaka mingapi ya magoti.

Akasema, "Kurudi."

Tukarudi. Sikubembeleza. Biskuti zilibaki kwenye mkoba.

Kushuka alikuwa kimya mpaka kwenye miti, ndipo akaanza tena habari za bati. Fundi Bati aliteleza akakaa kwenye tope mpaka kiunoni, na mtoto wako alicheka kidogo, halafu akajizuia, akamuuliza kama ameumia.

Kwa hiyo la kwanza nimelivunja. La pili nimelitimiza. La tatu sijalivunja na sitalivunja.

Niandikie.

Mama yako

5 Mei

Mwanangu,

Wiki tatu. Kila gari la barua likipita naenda dirishani, na karani pale posta sasa ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo.

Mkwe wangu alipitisha lori lake hapa Jumanne, akalala siku moja, akambeba mwanawe mabegani mpaka sokoni. Nilimuuliza kama barua yangu ilikufikia. Akasema ilifika. Akasema uliisoma umesimama, ukaikunja pembe kwa pembe kama shuka, ukaitia mfukoni, ukaendelea na kazi. Nikamuuliza ulisema nini. Akasema, "Mama, mimi ni dereva tu." Huyo amekula chumvi ya ndoa, anajua lini anyamaze.

Basi nitasema mimi.

Mtoto aliposema "umenidanganya," sauti ile niliijua. Sikuijua kutoka kwake. Ni sauti yako pale kwenye ufa, miaka ishirini na tano iliyopita, na siku ile uliisema mara mbili na mimi nikajifanya upepo umeichukua.

Na ya sebuleni nitakuambia kwa nini. Wale wageni walikuwa watu wa kazini kwangu, wanaume watano, na mimi mwanamke peke yangu kwenye kikosi. Walikuwa wameniona nikishuka na mtoto mgongoni, suruali imelowa, mlima nimeshindwa. Nikaona afadhali wakucheke wewe kuliko wanicheke mimi. Walipocheka nikaona dawa imefanya kazi, nikaendelea kuitumia. Mtoto wa miaka saba nilimfanya ngao yangu. Nisamehe kwa mlima, na nisamehe zaidi kwa sebule, na kwa kipaza sauti.

Kisoda hanidai tena. Siku ya tatu baada ya safari alinijia na wazo: "Bibi, tupime kwa zangu." Tulikwenda barabara ya tangi, mimi hatua thelathini, yeye kutoka palepale mpaka palepale sitini na nne. Tumefanya hesabu mezani. Mlima wa mawe, kwa miguu yake, ni hatua mia nane hamsini na tatu. Ameiandika ukutani kwa kalamu ya rangi, chini ya masharti yako. Nilitaka kumgombeza kwa ukuta, nikashindwa.

Hatutakwenda mpaka useme. Na ukiamua kumchukua, nitamfungia nguo zake vizuri, wala sitakulaumu.

Mama yako

16 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nawe pole na posta.

Nilikasirika. Kwanza nilikasirika kwa sababu umevunja sharti la kwanza. Halafu nikakasirika kwa sababu hukulivunja kwa ubaya, na mtu anayetaka kukasirika anapenda ubaya ulionyooka. Kisha siku moja tunakunja, nikamweleza mwenzangu habari ya hatua mia nne, mpimaji mzima wa ardhi, mjukuu anakaa chini katikati ya mlima na kutangaza amefika. Akaanza kucheka. Nikajikuta nacheka pia, shuka likatuponyoka likaanguka sakafuni, tukalirudisha kwenye kufuliwa. Sasa nami nimesimulia mkosi wako kwa mtu ili acheke. Naona tumelingana kidogo hapo.

Barua yako ya pili niliisoma chumbani, nimekaa. Nililia, Mama. Sikuwahi kujua habari za wale wanaume watano. Nilidhani ulikuwa unanicheka kwa sababu nachekesha.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa ndiyo bei tuliyokubaliana: bado sijakusamehe yote. Nimesamehe ya sebuleni. Ya mlima imekaa mahali fulani mwilini, si kichwani, na siwezi kuiambia itoke kwa barua.

Kisoda simchukui. Nilizungumza naye kwa simu ya baba yake. Nikamuuliza kama Bibi alimdanganya. Akasema, "Alikosea hesabu, nimemsaidia." Halafu akaniuliza mimi ni hatua ngapi. Sikumwelewa.

Likizo yangu inaanza tarehe kumi na nne Juni, siku kumi na mbili. Nataka kwenda nanyi. Mikono inalowa jasho ninapoandika hivi, utaona wino umesambaa. Sitaki nibembelezwe na sitaki nitiwe moyo. Sitaki kabisa kusikia neno "tumeshafika".

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Karani wa posta safari hii aliitikia kwa kichwa, nikampa viazi.

Njoo. Kitanda chako nimekitandika kwa shuka ambalo najua utalikagua pembe. Fundi Bati amenunua kamba mpya na anasema safari hii atavaa suruali ya rangi ya tope.

Sitakutia moyo. Ukisema turudi, tutarudi, hata iwe mara kumi na mbili kwa siku kumi na mbili.

Mama yako

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, nimelala masaa kumi na mawili, nimerudi kwenye mashuka. Mapaja bado yanauma nikikaa na nikiinuka, na mwenzangu ananiita ajuza. Kisoda mwambie busu lake alilotia kwenye bahasha nimelipokea, limefika limekunjamana kidogo.

Nilikuwa nimeondoka bila kusema, kwa sababu stendi kulikuwa na kelele na wewe ulijitia unatafuta mfuko. Nasema sasa.

Nilifika pale kwenye ufa nikakwama. Mahali palepale, mguu mmoja juu na mmoja chini, pamoja na kamba mpya na miaka thelathini na miwili yangu. Nilisikia masikio yanavuma. Nilisubiri uliseme lile neno, nikuchukie mpaka kufa. Hukuwa juu safari hii, ulikuwa chini yangu, mkono wako umeshika kiatu changu. Ukasema, "Zimebaki mia na sitini, hatua zako. Hii ya kwanza ndiyo mbaya, na ya arobaini. Ukitaka kurudi, nimeshakaa upande wa kurudi." Basi. Mmenisubiri mpaka Fundi Bati amekula mkate wa watu wote, na hakuna aliyenihimiza, hata mwanangu, ambaye alikaa juu ya jiwe akipiga mluzi taratibu.

Nilitaka kusema turudi. Nililijaribu mdomoni. Lakini nilijua kwamba nikisema, tutarudi kweli, na nilipolijua hilo mguu wa chini ukanyanyuka wenyewe.

Uliigusa nguzo yako huko juu, ukavua viatu. Nilikuona unafuta macho kwa soksi. Sitamwambia mtu.

Jioni Kisoda alinivujishia siri. Kumbe siku niliposhuka kwenye basi, nikadhani mnanifuata nyuma na kunong'ona kwa sababu ya viatu vyangu vya mjini, mlikuwa mnanihesabu. Kutoka stendi mpaka mlangoni, wote wawili, yeye anatia vijiwe mfukoni, wewe una begi langu kichwani.

Mia na sitini ulisema. Nilizihesabu zote, Mama, kutoka kwenye ufa mpaka mkono wangu ukagusa saruji. Zilikuwa mia na sitini na mbili. Hizo mbili zilizozidi nimekusamehe, pamoja na zile za zamani.

Mwanao